Kabla ya kurefusha mpini wa presi ya marobota

Malalamiko yanayosikika sana kwa wafugaji, kuanzia Nakasongola na Luweero mpaka kule Kiruhura, hapa Uganda, ni haya: presi ya mpini ya kufungia nyasi kavu, iliyochomelewa kwa fundi, inatoa robota legevu kuliko sanduku la zamani ambalo kijana aliingia ndani akashindilia nyasi kwa miguu. Mwenye presi akiona hivyo hukimbilia dawa moja tu, kurefusha mpini. Baada ya muda bomba limepinda, nguzo imeng'oka, na robota ni lilelile.

Kosa halimo kwenye urefu wa mpini. Chukua sanduku la kawaida, lenye upana wa sentimita 55 kwa 45. Uso wa kishindilio, yaani bamba linaloshuka kubana nyasi, hapo ni sentimita za mraba 2,475. Mpini una mita 2.4 kutoka kwenye egemeo, yaani pini unapozungukia, hadi mkononi, na kishindilio kimefungwa sentimita 30 kutoka kwenye egemeo, kwa hiyo nguvu ya mkono inazidishwa mara 8. Mtu akivuta kwa kilo 40, nyasi zinapata kilo 320. Gawanya kwa ule uso: unapata kama kilo 0.13 kwa kila sentimita ya mraba. Sasa mtazame kijana wa kilo 70 aliyesimama kwa mguu mmoja, kiatu chake kina sentimita za mraba kama 200. Yeye anakandamiza kwa kilo 0.35. Hakuna muujiza wowote hapo, miguu inashinda kwa sababu ni midogo. Udhaifu wake ni kwamba inabana sehemu moja huku pembeni nyasi zikifumuka.

Basi anza na sanduku lenyewe. Punguza upana uwe sentimita 45 kwa 35, karibu na kipimo cha robota dogo la mashine ya trekta. Uso unashuka hadi sentimita za mraba 1,575, na kwa kilo zilezile 320 mkandamizo unapanda hadi 0.20 bila kugusa mpini. Kisha sogeza pini ya kishindilio kutoka sentimita 30 hadi 20 kutoka kwenye egemeo. Sasa nguvu inazidishwa mara 12, kilo 480, na mkandamizo unafika 0.30 kabla ya msuguano kula sehemu yake. Umekaribia mguu wa kijana, ila kwa uso mzima wa robota.

Gharama ya kusogeza pini ni mwendo. Mkono ukishuka mita 1.5, kishindilio kinashuka sentimita 12 au 13 badala ya karibu 19. Ndiyo maana mimi napendelea matundu mawili: lile la sentimita 30 la kuanzia nyasi zikiwa laini, na la sentimita 20 la kumalizia. Usiyatoboe kwenye bomba la mpini. Mpini hupindia palepale unapokutana na fimbo ya kishindilio, na tundu mahali hapo ni sawa na kumwonyesha mpini pa kukatikia. Chomelea bamba nene chini ya bomba, utoboe bamba. Kwa mzigo tuliouhesabu, bomba la maji la inchi 2 linatosha. La inchi moja na nusu litapinda siku yoyote, na hata la inchi 2 halijatengenezwa kwa watu wawili kulining'inia kwa pamoja.

Nguzo ya egemeo ndiyo inayokosewa zaidi, hata na mafundi hodari. Wengi hufikiri inasukumwa chini. La, mpini unapovutwa nguzo inavutwa juu, kwa kilo zaidi ya 400 katika mfano wetu. Misumari haiwezi kustahimili hilo, maana msumari hutoka kwa njia ileile ulioingia. Shusha vipande vya chuma bapa kutoka kichwa cha nguzo, vipite ubavuni mwa sanduku hadi chini ya sakafu yake, uvikaze kwa bolti za milimita 12 zenye washa pana. Hapo chuma kimefunga mzunguko mzima, na mbao zinabaki na kazi ya kuzuia nyasi tu. Pini yenyewe ishikwe pande zote mbili, isining'inie upande mmoja. Iwe ya milimita 20 au zaidi, ipite ndani ya bushi (kibomba kinacholika badala ya pini) unayoweza kuibadilisha, na uitilie grisi.

Jambo jingine linalochosha watu bure: mpini huzunguka, lakini kishindilio hushuka wima. Ukivifunga moja kwa moja, kila mkandamizo unasukuma kishindilio ubavuni, kinakwama, na mtu anadhani nyasi zimekuwa ngumu. Weka kiungo kifupi kati yao chenye pini juu na chini, na fimbo ya kishindilio ipite katika miongozo miwili iliyoachana vizuri. Acha nafasi ya milimita 5 hadi 10 kila upande wa kishindilio. Chini ya hapo mbao zikivimba kwa mvua kitagoma. Juu ya hapo mabua yatajipenyeza na kukikaba.

Kuta za ndani zipigwe bati laini, vichwa vya bolti vizame. Msuguano wa ukutani hula nguvu kadiri unavyoshuka, ndiyo maana robota huwa gumu juu na legevu chini. Bati linasaidia lakini halimalizi tatizo. Kwa hiyo tia nyasi kidogo kidogo, pembe kwanza, na nusu ya chini ishindiliwe kwa mchi mzito wa mti kabla mpini haujaguswa. Mtu asiingie tena ndani ya sanduku lenye mpini juu yake.

Kasoro ninayoiona kwenye presi nyingi ni kukosa meno ya kuzuia. Kishindilio kikipanda, nyasi nazo zinafumuka, na kazi ya mkandamizo uliopita imepotea. Meno manne yanatosha, mawili kila ubavu mrefu, ya chuma bapa cha milimita 6, yakiingia ndani kama sentimita 4. Juu yawe na mteremko ili nyasi zikishuka ziyasukume nje, chini yawe bapa ili zikitaka kupanda zigote. Yawekwe juu kidogo ya pale kishindilio kinapoishia, na kishindilio kikatwe mapengo ya kupitia. Springi za stendi ya bodaboda zinafanya kazi hii vizuri na zinapatikana kila senta. Ukienda kwa mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, chora jino kwenye karatasi ngumu kwa kipimo halisi, usielezee kwa mdomo.

Mlango nao unabeba mzigo. Ukichukulia kwamba ubavu unapata theluthi tu ya mkandamizo wa 0.30, mlango wa sentimita 80 kwa 45 unasukumwa kwa kilo 360. Komeo moja la juu halitoshi. Weka la katikati pia, ambako mlango hutaka kubinuka. Utaratibu ni mmoja kila mara: shusha mpini uufunge kwa mnyororo, subiri kama dakika moja nyasi zitulie, pitisha kamba za katani kwenye mifereji ya sakafu na ya kishindilio, kaza, legeza mpini, ndipo ufungue mlango. Anayefungua asimame pembeni, si mbele yake.

Na kwa kuwa mkono unavuta mbali na sanduku, presi hutaka kupinduka. Refusha miguu ya chini upande wa mpini, angalau mita moja na robo kutoka ukutani.

Presi inayobana vizuri inadai nyasi kavu kuliko ile legevu, kwa sababu unyevu hauna pa kutokea. Kata nyasi ya Rhodes au brakiaria inapoanza kutoa maua. Majani ya tembo mabua yake ni manene mno kwa kazi hii, yaache kwa sileji, yaani lishe mbichi ya kuvundika. Sehemu kubwa ya nchi inapata kiangazi cha Juni hadi Agosti na kile cha Desemba hadi Februari, na vyote vinafaa kuanikia. Kupima, katakata nyasi kidogo, zitie kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na kijiko cha chumvi, utikise. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, anika tena. Baada ya kufunga, ingiza mkono katikati ya rundo kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Ukisikia joto, toa marobota hayo ghalani, ukate kamba, uyatawanye juani.