Ripoti haioni mzigo wa dagaa? Tafuta kwenye jedwali kabla ya kuingiza risiti upya

Ripoti ya mwezi ikipungukiwa magunia yaliyopokelewa soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, usikimbilie kuingiza risiti upya. Mara nyingi rekodi zipo kwenye jedwali la hifadhidata (database) ila ripoti haizioni. Ukiziingiza tena utakuwa na mzigo mara mbili, na kuuchambua ni kazi kuliko tatizo lenyewe.

Chukua nakala ya hifadhidata, uifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha ni nzima. Kisha shika risiti moja ya karatasi isiyoonekana, uitafute kwenye jedwali bila kupitia ripoti:

SELECT * FROM mapokezi WHERE namba_risiti = '1187';

Ikipatikana, fungua amri inayotengeneza ripoti. Anza na saa. Seva nyingi huhifadhi muda kwa UTC (saa ya kimataifa), nasi Tanzania tuko saa tatu mbele. Mzigo uliopimwa saa nane na nusu usiku wa kuamkia Machi 1, 2025 utaandikwa Februari 28, 23:30, na ripoti ya Machi itauruka. Kwa data ya namna hiyo, mipaka ya Machi ni hii:

muda >= '2025-02-28 21:00' AND muda < '2025-03-31 21:00'

Hata kama seva inatumia saa zetu, epuka BETWEEN '2025-03-01' AND '2025-03-31' kwenye safu yenye tarehe na saa: inaishia usiku wa manane Machi 31 inapoanza, kwa hiyo mapokezi ya siku hiyo nzima yanapotea. Mwangalie pia karani. Akiandika 8:30 kwa saa ya Kiswahili badala ya 2:30, amesogeza mzigo saa sita.

Kama tarehe ni sawa, angalia jinsi majedwali yalivyounganishwa. INNER JOIN (muungano unaobakiza tu mistari yenye mwenza pande zote mbili) kati ya mapokezi na wauzaji hutupa kila mstari ambao muuzaji wake amefutwa au hakujazwa. Mistari iliyotupwa utaiona hivi:

SELECT m.* FROM mapokezi m LEFT JOIN wauzaji w ON m.muuzaji_id = w.id WHERE w.id IS NULL;

Mtego mwingine ni sharti la kuondoa sangara, aina <> 'sangara'. Unategemea libakize dagaa na sato, lakini mistari ambayo aina yake ni NULL (haikujazwa) nayo huondoka. Ongeza OR aina IS NULL, na uweke mabano kuzunguka masharti hayo mawili.

Risiti isipokuwepo kabisa, huenda umeme ulikatika kabla ya COMMIT (amri ya kuthibitisha kazi) na hifadhidata ikafuta kazi iliyokuwa nusu. Pengo kwenye namba ambazo hifadhidata huipa mistari yenyewe, mathalani 1186 kisha 1188, si ushahidi wa wizi: programu za hifadhidata MySQL, PostgreSQL na SQL Server zote hutumia namba na haziirudishi, hata muamala (kazi inayohifadhiwa kwa pamoja) ukibatilishwa. Soma kwanza kumbukumbu za ufutaji, kama programu inazo, kabla ya kumwita karani. Hapo ndipo risiti iingizwe upya, kwa tarehe ya mzigo na si ya leo.