Kuifuata risasi ya .22 kutoka magazini hadi ganda linapotupwa nje

Kabla ya kugusa chochote, elekeza mtutu upande usio na mtu, chomoa magazini (kisanduku cha risasi), vuta nyuma bolti (chuma kinachosukuma risasi na kuifunga chemba), kisha ikague chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu risasi inamokaa, kwa macho na kwa kidole, kwa kuwa kuchomoa magazini hakuitoi risasi iliyokwisha kuingia chemba.

Risasi ya .22 Long Rifle, iliyobuniwa Marekani mwaka 1887, haina kiwashio katikati ya kitako chake: baruti ya kuwashia imejazwa ndani ya ukingo mwembamba unaokizunguka. Ukingo huo huo ndio unaoizuia risasi isizame mtutuni, na ndio unaokamatwa na ndoano ya bolti ganda linapotolewa, kwa hiyo unapotafuta hitilafu anzia hapo.

Unapojaza magazini ya kupanga risasi moja juu ya nyingine, hakikisha ukingo wa risasi ya juu uko mbele ya ukingo wa ile ya chini, la sivyo zitashikana na bolti itashindwa kuisukuma ya juu. Magazini ya mduara ya Ruger 10/22, bunduki iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, huepuka shida hiyo kwa kuipa kila risasi mfereji wake.

Katika bunduki hiyo bolti haifungwi kwa komeo. Uzito wake na springi ndivyo vinavyoizuia hadi risasi inapolipuka, ndipo gesi hulisukuma ganda nyuma, huku ndoano ikilishikilia mpaka ligonge kitupio, kipande kinacholirusha nje. Ndiyo maana ndoano iliyochoka inaweza kujificha wakati wa kufyatua, ikajulikana tu unapotaka kutoa kwa mkono risasi ambayo haijafyatuliwa.

Ganda likikwama, mimi huishuku chemba kwanza. Nta iliyopakwa kwenye risasi huchanganyika na masizi, na anayetumia .22 Short, ambayo ganda lake ni fupi zaidi, katika chemba ya Long Rifle huacha pete ya uchafu mbele kidogo, ambayo hulibana ganda refu. Isugue kwa brashi ya shaba yenye mafuta kidogo, uikaushe, kisha usafishe kijishimo cha ndoano kwa kijiti.

Ganda tupu lililong'ang'ania hutolewa kwa ufito wa kusafishia kupitia mdomo wa mtutu. Ikiwa kilichokwama ni risasi nzima, usiisukume kamwe kwa ufito, bali mwite fundi wa bunduki mwenye leseni huku mtutu ukibaki umeelekezwa mahali salama.