Kutenganisha majogoo na matetea siku ya kwanza kwa rangi ya vifaranga

Kifaranga wa siku moja hana upanga wala mkia wa kumtambulisha. Anayefuga kwa ajili ya mayai hulisha madume kwa wiki kadhaa kabla hajawajua. Dawa yake ni kuwapanga wazazi.

Kwa binadamu, baba ndiye anayeamua jinsia ya mtoto. Kwa kuku ni mama. Jogoo ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) ZZ, tetea ana ZW. Tetea humpa mwanawe wa kiume Z yake. Wa kike hupata W, na Z yake pekee hutoka kwa baba. Basi alama iliyoko kwenye Z ya mama huwafikia madume tu.

Michirizi ya kuku wa aina ya Plymouth Rock ni alama ya namna hiyo. Chukua matetea wa Plymouth Rock wenye michirizi, 8 hadi 10, uwape jogoo mmoja wa Rhode Island Red, aina ya kuku wekundu. Kama walikuwa na jogoo mwingine, mwondoe kwanza, usubiri wiki 3 ndipo uanze kukusanya mayai ya kutotolesha: mbegu za jogoo hukaa hai ndani ya tetea kwa wiki mbili na ushei. Mayai yasikae zaidi ya siku 7 kabla ya kuingia kwenye mashine, na trei yake iwe peke yake.

Siku ya 21 waache wakauke kabisa, kisha kagua utosi kwenye mwanga wa mchana. Taa nyekundu ya joto itakudanganya. Wote watakuwa weusi. Mwenye doa jeupe au la manjano utosini ni dume, asiye na doa ni tetea. Wakikua, madume huota michirizi kama mama, na matetea hubaki weusi, mara nyingi wakiwa na wekundu kidogo shingoni.

Wengi hukosea kwa kugeuza wazazi. Jogoo wa michirizi aliye safi ana alama kwenye Z zote mbili, kwa hiyo akipanda tetea mwekundu, vifaranga wote hutoka na doa. Jogoo aliyechanganyika na kuku weupe naye huharibu kazi, maana weupe wake unaweza kufunika weusi na doa lisionekane.

Kosa la tatu ni kuzalisha hao chotara wenyewe kwa wenyewe. Nusu ya majogoo na nusu ya matetea watakaozaliwa watakuwa na doa, nalo halitakuambia chochote. Kila mzunguko rudi kwa wazazi safi.

Ukikosa Plymouth Rock, mweke jogoo yuleyule wa Rhode Island Red kwa matetea wa Light Sussex, aina nyingine ya kuku. Hapo usitafute doa: madume hutoka manjano hafifu, matetea kahawia yenye wekundu.