Nikupime Umekaa: Kushona Gauni Baada ya Kujifungua

Mama akija kwangu na mtoto mchanga, kwanza nampa kiti. Nitampima amesimama kama fundi yeyote anavyopima, halafu nitampima tena amekaa, kwa sababu anayenyonyesha siku yake nyingi inapita kwenye kiti au kitandani. Tumbo lenye inchi 36 akisimama, akikaa linafika 38, wengine 39. Gauni likishonwa kwa ile namba ndogo, litamkata kila anapompa mtoto titi, na wiki haiishi ameshalitupa chini ya kabati.

Nashona hapa Mbagala, Dar es Salaam, mwaka wa 14 sasa, na nimezaa watoto 3. Hili nililijua kwa mwili wangu mwenyewe. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na wiki 7 binamu yangu alipoolewa. Sare ilikuwa kitenge, nami nikajishonea kwa vipimo vyangu vya usichana, nikijiambia siku ikifika nitakuwa nimepungua. Asubuhi ya harusi zipu iligoma katikati ya mgongo. Nilikaa chumbani nimejifunika mtandio, nalia, vigelegele nje. Nilikuwa nimezaa juzi tu, mwili haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la kile kipimo. Tangu siku hiyo nashona kwa mwili ulioingia mlangoni leo, na nguo ya ziada naiacha ndani ya mshono.

Kabla ya arobaini usishone gauni la mwili. Kizazi peke yake huchukua kama wiki 6 kurudi kwenye ukubwa wake, kwa hiyo kipimo cha wiki ya 3 kitakudanganya. Siku hizo dera na doti ya khanga vinatosha kabisa. Wanaofunga tumbo kwa mkaja kama walivyofunga bibi zetu, sawa, ila kama umejifungua kwa upasuaji muulize kwanza mkunga au daktari wako. Na sketi zenye lastiki inayokaa juu ya kidonda ziweke pembeni mpaka pakauke na pasiume ukipagusa. Lastiki ipande juu ya kitovu, au ikae chini ya kifua.

Ukija kupimwa, usiwe umetoka kunyonyesha sasa hivi. Njoo matiti yamejaa, na sidiria utakayovaa na gauni hilo iwe mwilini. Titi lililojaa na lililonyonywa ni vipimo viwili, na gauni linatakiwa kuvumilia kile kikubwa. Mwambie fundi wako aandike namba hizi: kifua, chini ya kifua, tumbo pale penye kitovu ukiwa umekaa, na nyonga. Hiyo ya chini ya kifua ndiyo wengi huiruka, nami naitegemea kuliko zote. Mama wengi waliojifungua, hapo ndipo mwili umebaki mwembamba. Nikiweka kiuno cha gauni hapo, chini yake nikaacha marinda machache yashuke, jicho linaanzia kwenye kifua na linateremka bila kukwama tumboni.

Marinda yawe machache, na yaanzie pembeni. Nimeona magauni yamejazwa marinda katikati kabisa, mama anatembea na watu wanampa hongera ya mimba nyingine. Mbele katikati acha patupu kama shubiri moja, marinda yakae kulia na kushoto. Au kata sketi ya vipande sita inayofunguka kuanzia chini ya nyonga. Shingo ninayoipenda ni ya V, kwa sababu inarefusha, na kifua kilichoongezeka kinapata pa kupumulia.

Sasa kunyonyesha. Zipu ya mgongoni haikusaidii kitu. Mimi naficha zipu mbili mbele, moja kila upande, kwenye mshono unaoshuka kutoka begani kupita juu ya titi, kila moja inchi 8. Nyuma ya zipu naweka kipande cha pamba chenye upana wa inchi 1, meno ya zipu yasiguse ngozi yako wala shavu la mtoto. Kwa asiyependa zipu, gauni la kupishanisha mbele na kufunga kwa kamba ubavuni linafaa sana, na linafuata mwili unavyopungua. Shanga na vito shingoni acha kwa sasa, mtoto wa miezi 4 anavuta na kuweka mdomoni.

Kitambaa nachagua kwa mkono kabla ya macho. Pamba inanyonya jasho, na mzazi anatoka jasho sana, joto la Dar nalo halina huruma. Vitambaa vya kuteleza vinavyong'aa vinashika kila mkunjo wa tumbo. Rangi moja iliyopauka inaonyesha doa la maziwa kutoka ng'ambo ya barabara, ilhali kitenge chenye maua madogo linapotelea humo. Ukienda Kariakoo kununua, kifungue kitenge chote uone michoro ilivyokaa. Kama kina maduara makubwa, mwonyeshe fundi na umwambie wazi: duara lisitue tumboni wala kwenye chuchu. Likae begani au kwenye pindo. Itakula kitambaa zaidi kidogo, kwa gauni la chini ya magoti sema yadi 4, lakini ndiyo tofauti ya gauni zuri na gauni la kujutia.

Khanga ina nafasi yake, na inanipa raha kuishona. Ule ukingo wake, pindo, wengi huuacha uzunguke chini. Mimi naukata nausimamisha wima, mistari miwili kutoka mabegani hadi miguuni, na mji, yaani ile sehemu ya ndani ya pindo, unabaki katikati na pembeni. Mama mfupi mwenye tumbo anaonekana ameongezeka urefu. Jina la khanga nalipeleka mgongoni chini, lisomeke vizuri akipita. Jina lililokatwa nusu linaniuma.

Kwa wanaorudi kazini baada ya siku 84 za likizo, au 100 kwa aliyezaa pacha, usikimbilie kushona suti. Shona vitu viwili tu: sketi nyeusi ya vipande yenye lastiki nyuma na mkanda bapa mbele, na gauni moja lenye zipu za kunyonyeshea, ambalo pia litakurahisishia kukamua maziwa mchana. Juu yake vaa koti jepesi lisilofungwa, linaloishia chini kidogo ya nyonga. Likiishia tumboni litachora mstari pale pale. Makoti hayo yapo mengi soko la Karume kwa bei ya mtumba. Tazama mabega tu, urefu nitaupunguza.

Kilichobaki ni siri ya ndani ya mshono. Mwambie fundi aache inchi 1 na nusu kila ubavu, na asizikate baada ya kupiga ovaloki. Mshono wa ubavuni apige kwa nafasi pana kidogo ili kubomoa kusichane nguo. Mwezi wa 5 au wa 6 baada ya kujifungua, mwili ukishabadilika, uwe umepungua au umeongezeka, lirudishe likiwa limefuliwa na kupigwa pasi. Nitakupima upya, umesimama na umekaa, na nitaanza kubomoa chini ya kwapa.