Kupima kitabu cha kemia isokaboni kabla ya kuwapa wanafunzi

Usianze na dibaji. Nenda sura ya kompleksi (metali iliyozungukwa na ayoni au molekuli zilizofungamana nayo) za metali mpito, utafute ayoni mbili za nikeli(II): [NiCl₄]²⁻ na [Ni(CN)₄]²⁻. Ya kwanza ni tetrahedroni (umbo la nyuso nne za pembetatu), ina elektroni mbili zisizo na mwenza. Ya pili ni mraba bapa, haina hata moja. Kitabu kinachofaa kitaeleza sababu: sianidi hupanua pengo la nishati kati ya obitali za d (nafasi za elektroni za metali) hadi elektroni zote nane zikajipanga jozi jozi, nguvu ambayo kloridi haina. Kikiishia kutaja “dsp²” tu, yaani jina la mchanganyiko wa obitali, mwanafunzi atakariri, lakini hataweza kubashiri umbo la kompleksi asiyoijua.

Angalia pia SF₆, molekuli ya salfa moja na florini sita. Kitabu kinachodai vifungo sita vinategemea obitali za d za salfa, bila kugusa obitali za molekuli (zinazoenea kwenye atomu zaidi ya moja), kimepitwa na wakati. Jedwali la elementi lisilo na nihoniamu na oganesoni, majina ya elementi yaliyoidhinishwa 2016, si kasoro kubwa. Linafichua tu umri wa toleo.

Kisha jibu maswali matatu ya kitabu hicho kwa kutumia sura husika pekee. Ukikwama kwa jambo ambalo sura haikulifundisha, wanafunzi nao watakwama.