Mashine ya boti ikikosa petroli: kagua mpira wa petroli kabla ya kabureta

Mashine inawaka vizuri mwaloni, inatembea kidogo, kisha inapoteza nguvu na kuzima. Ukibana pampu ya mkono, ile tufe kwenye mpira wa petroli kati ya tangi na mashine, inaamka tena. Hapo petroli haifiki sawasawa. Wavuvi wengi hapa Ziwa Victoria hukimbilia kufungua kabureta, inayochanganya petroli na hewa; mimi naigusa mwisho. Maelezo haya ni ya mashine za kuchanganya oili zenye tangi la nje, kama Yamaha 15 na 40. Usiendelee kusafiri huku unabanabana pampu: oili hupita humo humo kwenye petroli, na ikipungua pistoni hukwama.

Hatua ya 1. Legeza skrubu ya hewa kwenye mfuniko wa tangi.

Hatua ya 2. Chota petroli ya chini kabisa ya tangi, weka kwenye chupa angavu, iache itulie. Maji yatakaa chini. Ukiyaona, suuza tangi na filta, kisha changanya upya. Kama mashine yako ni ya 50 kwa 1, lita 25 za petroli zinataka nusu lita ya oili ya mashine za majini. Ya pikipiki siikubali.

Hatua ya 3. Elekeza mshale wa pampu juu, bana mpaka iwe ngumu. Ikiwa bapa wakati mashine inatembea, kizuizi kiko upande wa tangi. Isipokaza kabisa, shuku hewa au valvu zake, au kabureta inayofurika.

Hatua ya 4. Hewa. Hii ndiyo iliyotumalizia mchana mzima na mvuvi niliyemsaidia juzi. Mpira kuwa mkavu si ushahidi, kwa sababu mashine inapovuta, kiungo kilicholegea huingiza hewa bila kudondosha hata tone. Azima tangi na mpira kamili wa jirani mwenye mashine kama yako. Ikitembea vizuri, ubovu uko kwenye vyako. Sasa inua tangi lako juu ya usawa wa mashine, kaza pampu, futa kila kiungo kwa kitambaa kikavu, subiri. Sigara na karabai ziwe mbali. Panapolowa ndipo penye tatizo. Kwa yule mvuvi ilikuwa pete ndogo ya mpira ndani ya kiungio cha kuchomeka kwenye mashine: ilionekana nzima, lakini ilishakuwa ngumu. Viungo vilivyofungwa kwa mpira wa tyubu vifungue vyote, petroli huulegeza. Weka klipu zisizoshika kutu. Usipoona unyevu, chana mpira wenyewe. Ngozi ya ndani inaweza kubanduka na kujifunga mashine ikivuta, ilhali ukipuliza hewa inapita bila shida. Nunua mpira wa petroli. Wa maji hauvumilii.

Hatua ya 5. Kama hata kwa tangi la jirani inazima, fungua pampu ya petroli ya mashine yenyewe uangalie diaframu, utando unaosukuma petroli. Ikiwa na tundu au imekakamaa, badilisha pamoja na gasketi. Baada ya hapo ndipo kabureta: safisha jeti, yaani vitundu vidogo vya kupitisha petroli, kwa dawa ya kupuliza na upepo. Waya usiingize, maana tundu likipanuka mashine itakula petroli na plagi zitakuwa nyeusi kila mara.