Somo: Kumtoa mkwe kwenye nyumba ya wazazi bila kujiponza

Ndugu wanachama, wazee wengi huanza mgogoro huu wakiwa na haki, wakaumaliza wakiwa washtakiwa. Wanadhani hati ikishakuwa na jina lao, kilichobaki ni kubadilisha kitasa.

Hatua ya 1: Hati. Tazameni jina lililoandikwa leo, si nani alijenga. Kama mlishamwingiza kijana wenu ili "kurahisisha mirathi", mna kesi ya umiliki, na hiyo ni ndefu.

Hatua ya 2: Mkwe aliingiaje? Hapa ndipo kesi nyingi huamuliwa. Aliyekaribishwa tu, bila kodi wala mkataba, kwa kawaida anakaa kwa ruhusa, na ruhusa huondolewa. Anayelipa chochote kila mwezi anaweza kudai ni mpangaji. Aliyejenga chumba cha nyongeza kwa fedha zake anaweza kudai fidia.

Mke wa kijana wenu ni suala jingine. Chukueni India, ambako sheria mbili zimegongana. Ile ya 2007 ya matunzo ya wazazi na wazee imetumiwa na wazee kuomba watoto na wakwe waondolewe. Ile ya 2005 dhidi ya ukatili wa nyumbani inampa mke haki ya kukaa kwenye makazi ya familia. Oktoba 2020 Mahakama ya Juu ilisema hata nyumba ya baba mkwe inaweza kuhesabiwa makazi hayo. Desemba ikaongeza kuwa sheria ya wazee isigeuzwe njia ya mkato ya kuifuta haki ya mke. Haikusema akae milele, maana hakimu anaweza kuagiza apatiwe makazi mengine.

Hatua ya 3: Notisi. Iwe fupi: "Ruhusa niliyokupa ya kukaa kwangu naiondoa. Naomba uwe umehama ifikapo tarehe…" Basi. Msiandike habari za mapishi yake wala kiburi chake; barua hiyo itasomwa kwa sauti mahakamani. Bakini na nakala iliyosainiwa.

Hatua ya 4: Mahakama. Tarehe ikipita hajahama, fungueni shauri; msikate maji, msitupe vyombo nje. Kama kuna kipigo au vitisho, msingoje notisi iishe: nendeni polisi, kisha ombeni zuio.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kijana wetu ametoroka, kamwacha mkewe na wajukuu kwetu. Tumtoe?*

Marahaba. Mnaweza kuomba, ila hakimu atauliza watoto watalala wapi. Muunganisheni kijana kwenye shauri, kwani kuwatunza ni mzigo wake kwanza. Na msihamishe hati kwa ujanja. Katika shauri lile la Desemba, nyumba ilinunuliwa na mume, akamuuzia baba yake, baba akampa mama kama zawadi. Mzunguko wa namna hiyo lazima uzue maswali.

*Mimi ndiye mkwe. Nimerudi kazini nimekuta kufuli jipya, nguo ziko nje.*

Usivunje, dada. Piga picha, tafuta shahidi, toa taarifa polisi, kisha wakili wako aombe kwa dharura urudishwe ndani.

*Nilimpa binti yangu nyumba, sasa mumewe anataka niondoke mimi.*

Pole sana, mama. India, kifungu cha 23 cha sheria ya 2007 kinaruhusu kubatilisha zawadi iliyotolewa kwa sharti la kumtunza mzee, sharti lisipotimizwa. Kwako, mpelekee wakili hati ya zawadi atafute kama kuna sharti hilo, au haki ya kukaa humo maisha yako yote. Na usihame kabla hajaisoma.